Wewe Si Uko Nyumbani?

Vijana wa rizavesheni, nyinyi mnaowapangia watalii safari na vyumba, siku ile mliponiaga kwa keki na soda mliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nikasema nitaandika nikishapumzika. Nimepumzika, na nimegundua kwamba kupumzika nako kunachosha, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nitawaeleza nilivyoanza, nilivyofundishwa, na ile miaka ya mwisho niliyofanyia kazi nyumbani kwangu Lemara, hapa Arusha, ambayo ndiyo iliyonizeesha.

Nilipoanza, ofisi ilikuwa ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa. Nilivaa viatu vipya vilivyonibana nikapanda ngazi kama mtu anayekwenda kushtakiwa. Kulikuwa na simu, mashine ya faksi iliyokula karatasi kila ikijisikia, redio koli ya kuongea na madereva walioko porini, na ubao mkubwa wa kuonyesha gari gani liko wapi. Aliyenipokea ni Mama Nanyaro, Mmeru wa Akeri, mwanamke mfupi mwenye sauti laini kuliko uso wake. Hakunipa kitabu cha maelekezo. Alinipa kioo kidogo cha mkononi akakisimamisha mbele ya simu.

"Mgeni hakuoni, anakusikia tu," aliniambia. "Jiangalie hapo. Ukiona umenuna, acha simu iite kwanza."

Nilidhani ananitania. Baadaye niliona wafanyakazi wote wana vioo, hata Elisante wa mahesabu ambaye hakuwa akiongea na mgeni yeyote. Mama Nanyaro alinifundisha pia kuandika majina ya wageni kama yalivyo kwenye pasipoti na si kama yanavyosikika, na kupiga simu hotelini kuthibitisha hata kama wamekwisha kuthibitisha kwa maandishi. Hilo la pili nililipuuza mara moja, nikawalaza bwana na bibi harusi waliotoka ng'ambo kwenye vitanda viwili vilivyopigiliwa misumari sakafuni, kila kimoja kwenye ukuta wake. Waliniandikia barua ya heshima sana. Afadhali wangenitukana.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini ninayoikumbuka zaidi ni ya Momela, kule hifadhini. Ilikuwa masika, mvua imekata barabara, na gari letu lenye wazee wa watu limekwama kati ya maziwa na geti. Nilikaa kwenye redio mchana kutwa. Dereva alipokwenda kutafuta msaada, mzee mmoja alibaki ameshika redio, na kila nikinyamaza aliniita tena, kwa sababu mkewe alikuwa akitetemeka na alitaka kusikia kuna mtu. Basi nikawa naongea. Nikawauliza wameona ndege gani, watoto wao wako wapi, wanakula nini kwao wakati wa baridi. Mama Nanyaro alinishikia kikombe cha chai mdomoni ili nisiachie kidude cha kuongelea. Ofisi nzima ilitembea kwa kunyata. Hakuna aliyeniuliza ufunguo wa stoo uko wapi. Hilo sikuliona kuwa kitu wakati ule. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo, kwamba mtu akiwa kazini anaonekana yuko kazini.

Tusonge mbele. Mama Nanyaro alistaafu akarudi kwenye kahawa yake, faksi ikatupwa, redio ikabaki pambo, sisi tukawa watu wa kompyuta. Kisha ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima na wageni wakakatika kama maji ya bomba. Bosi akatugawia laptopu, akasema tukae nyumbani kwa muda. Muda huo haukuisha. Wageni waliporudi, ofisi ilikuwa imekwisha kupangishwa kwa wauza simu, na bosi alikuwa ameonja utamu wa kukaa bila kudaiwa pango. Nyinyi wengi mliajiriwa baada ya hapo. Baadhi yenu niliwaona miguu kwa mara ya kwanza siku ya keki.

Nilihamia chumba cha binti yetu Upendo, ambaye ameolewa Dodoma. Nikaweka meza, hedifoni, kalenda ya kampuni. Kalenda nyingine nikaitundika sebuleni, kwa kujivunia. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu niliuona Mlima Meru dirishani, na nakiri kwamba wiki za kwanza nilijiona nimeokota dodo. Hakuna viatu, hakuna foleni, mchana nakula chakula changu.

Halafu nikaanza kuonekana niko nyumbani.

Mume wangu Furaha ana duka la vifaa vya ujenzi Kwa Mrombo. Miaka yote alikula mchana kwa mama ntilie wa jirani na dukani na hakuwahi kulalamika. Sasa saa saba kamili mlango unafunguka. "Kuna nini cha kula? Si upo?" Jirani akasafiri akaniachia funguo, kwa sababu nipo. Mwingine akaomba nimpokelee mtu wa gesi. Kina mama wa jumuiya wakahamishia ibada ya Jumatano jioni kwangu, kwa upendo mkubwa, ili nisipate tabu ya kutoka. Jioni ya Lemara ni asubuhi ya Marekani, na kwangu wakati huo ndipo simu zinapoanza kumiminika. Kila niliyejaribu kumweleza alinisikiliza vizuri, akatingisha kichwa, kisha akasema, "Lakini Mama Upendo, wewe si uko nyumbani?"

Nilikuwa nachoka kwa namna nisiyoijua. Ofisini nilichoka kazi nikaiacha kule. Hapa nilimaliza simu nikaingia jikoni, nikatoka jikoni nikaingia kwenye simu, na hakuna upande uliokubali kwamba nimetoka upande mwingine.

Ndipo mama mkwe akateleza kwenye mfereji wa maji kule Mwika, Uchagani, akavunjika mkono. Mama alikuwa akiishi peke yake kwenye kihamba, lile shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, na alikuwa na nguvu zake mpaka siku hiyo. Wanawe ni watatu. Eliakimu, mkubwa, yuko Dar es Salaam. Anande, wa pili, ana duka la vitambaa Moshi mjini. Furaha wangu ndiye kitinda mimba, na kwa Wachaga, kama mnavyojua, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama, na pamoja na nyumba, mama mwenyewe. Walijadiliana kwenye grupu la ukoo. Mimi nimo kwenye grupu hilo, lakini wakati wanajadiliana nilikuwa nahangaika na familia iliyosahau mtoto wao ana mzio wa karanga. Nilipofungua simu jioni, nilikuta shemeji Eliakimu ameandika: "Tumshukuru Mungu, mke wa Furaha yuko nyumbani siku zote." Chini yake kulikuwa na mikono ya kusali mingi.

Mama akaja. Sitamsema vibaya, wala hakuna baya la kusema. Alikuwa mtu mwepesi, anasoma Biblia yake sebuleni, anakula unachompa. Lakini mkono uliofungwa ni mkono uliofungwa. Hawezi kufunga kitenge, hawezi kujimwagia maji, hawezi kumenya hata ndizi moja, na hilo la ndizi lilimuuma kuliko mfupa. Aliniita kwa sauti ndogo, "Mama Upendo," na mimi hedifoni kichwani namnyooshea kiganja: ngoja. Anangoja. Ananiita tena. Kiganja. Nikimaliza natoka mbio, namhudumia bila kusema neno maana simu nyingine inaita.

Asubuhi moja laini ya ofisi iliita. Laini hiyo ilipitia kwenye kompyuta, haionyeshi jina. Nikatengeneza uso nikapokea.

"Habari za asubuhi, karibu sana, nikusaidie nini?"

"Naomba kuongea na Mama Upendo."

"Ndiye mimi ninayeongea, karibu."

"Ahaa. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama kabisa, asante sana. Naongea na nani, tafadhali?"

"Na mama yake Furaha. Niko hapa sebuleni."

Alikuwa amesoma namba kwenye kalenda ya ukutani akaibonyeza kwenye simu yake ndogo kwa mkono mzima. Nikavua hedifoni nikatoka. Alikuwa amekaa wima kama mtu aliyeko kwenye chumba cha kusubiria daktari.

"Shikamoo mama. Kwa nini hukuniita tu?"

"Marahaba. Nikikuita unaninyooshea mkono hivi." Akanionyesha kiganja, na alikionyesha vizuri. "Nikipiga simu unaniambia karibu sana. Nimekusikia mlangoni siku zote hizi. Unaongea vizuri na watu, mwanangu. Nikasema ngoja na mimi nipige."

Nilicheka, na yeye akacheka, na katikati ya kicheko nilitaka kukaa sakafuni nisinyanyuke tena. Yule mama hakuwa ananisuta. Alikuwa anataka tu kusemeshwa, na alikuwa ametafuta njia ambayo haitanikatiza kazi.

Baada ya hapo alipiga kila siku wakati wa chai. Nilimtengea nafasi hiyo kama ninavyomtengea mteja. Aliuliza, "Wale Wajerumani wamefika?" na nikimwambia wamefika alisema, "Bwana asifiwe." Alijua nani amepoteza begi na nani anaumwa tumbo huko porini, na jioni aliwataja kwenye sala kwa majina aliyoyatamka apendavyo. Niseme kweli, katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwa nimeongea na mama mkwe wangu kama nilivyoongea naye kwa simu kutoka chumba cha pili.

Lakini simu haimwogeshi mtu. Siku moja niko na wakala wa Ulaya, kundi kubwa la kiangazi, tunagombea vyumba vya mwisho, nikasikia kishindo bafuni. Nilitupa hedifoni. Mama alikuwa ameteleza, ameshika sinki kwa mkono mzima, hajaumia, ila ananiomba msamaha. Niliporudi mezani wakala alikuwa amekata, na vyumba vimekwenda kwa kampuni nyingine. Bosi alinipigia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mama Upendo, nakuheshimu sana. Lakini wateja wanasikia mambo. Hebu mwaka mpya tukae tuangalie kama inawezekana kuendelea."

Nilikuwa nimebakiza kidogo kustaafu. Nilitaka kumaliza. Sina sababu kubwa ya kuwapa. Ni kazi niliyoanza na kioo cha Mama Nanyaro, na sikutaka imalizwe na bafu langu mwenyewe. Nikamweleza Furaha.

"Basi acha," alisema. "Umebakiza kidogo tu."

"Ndiyo maana siachi."

"Sasa mama aangaliwe na nani?"

"Muulize mwenye mama."

Hatukusemeshana mpaka Jumapili, na hata kanisani tulipeana amani kwa ncha za vidole.

Desemba ikafika tukapanda Mwika na mama kama Wachaga wote. Kwa watu wa utalii Krismasi ni wakati wa kufa na kupona, kwa hiyo laptopu nayo ilipanda mlimani. Siku ya pili ya sikukuu kikafanyika kikao cha familia sebuleni kwa mama. Mama mwenyewe alikaa kwenye kiti chake, mkono sasa umefunguliwa lakini haujarudisha nguvu. Ndizi zimeliwa, pombe ya mbege inazunguka. Shemeji Eliakimu akafungua kwa sala, kisha akafungua na kufunga mjadala kwa mkupuo mmoja.

"Mama ana bahati. Furaha ni kitinda mimba, kihamba hiki ni chake, na mkewe Mungu amemrudisha nyumbani. Sasa tunajadili nini?"

Nilifungua mdomo kujibu, na simu ikaita. Watu wako uwanja wa ndege, dereva haonekani. Mtandao ulipatikana kule kwenye banda la ng'ombe peke yake, nikatoka. Nilisimama kwenye samadi na viatu vyangu vya kanisani nikamtafuta dereva, nikawatuliza wageni, nikangoja mpaka waliponithibitishia wamepanda gari. Niliporudi mlangoni nilimkuta wifi yangu Anande anaongea.

"Si mnaona? Hata kukaa na sisi hawezi. Simu, simu. Mtu yuko nyumbani na bado anajifanya ana shughuli."

Furaha alikuwa anaangalia kikombe chake. Nilijua kuwa kama hatasema sasa hatasema kamwe, na mimi mwaka mpya nitaandika barua ya kuacha kazi. Aliyesema ni mama.

"Eliakimu, wewe ukiwa ofisini kwako mimi nikipiga simu, unapokea?"

"Mama, unajua nikiwa kazini..."

"Hupokei. Wewe Anande, ukiwa na mteja dukani unaweza kuja kuniogesha?"

Anande alianza kukusanya sahani.

"Sasa nisikilizeni. Huyu hayuko nyumbani. Huyu yuko kazini. Nimekaa naye, nimemsikia kwa masikio yangu. Anaanza asubuhi na watu asiowajua, huyu hana kitanda, yule mtoto wake mgonjwa, na katikati hapo ananifunga kitenge mimi. Mnasema yuko nyumbani. Walioko nyumbani ni nyinyi, mmekaa hapo mnakunywa mbege."

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

"Mimi sirudi Lemara kukaa. Nitakwenda kuchukua vitu vyangu na dawa, basi. Nitakaa hapa kwangu. Nani wa kukaa na mimi, mtaamua nyinyi niliowazaa. Huyu sikumzaa."

Neno lile la mwisho lilinichoma. Nilisimama pale mlangoni nikijiuliza nimemkosea nini, mpaka alipogeuka akaniangalia, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Eliakimu alikohoa sana. Furaha ndiye aliyeanza kujibu, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alisema yeye ni kitinda mimba, mwenye kihamba ni yeye, si mkewe, na kwamba kuanzia Januari atakuwa anapanda kila Ijumaa mpaka Jumatatu na kumwachia msaidizi duka. Anande akalia kidogo, kisha akasema siku zilizobaki atalala yeye hapo Mwika na kushuka Moshi asubuhi. Eliakimu aliahidi mambo mengi. Mojawapo alilitimiza.

Nilimaliza muda wangu. Nyumba ilikuwa kimya, bosi hakurudia yale mazungumzo, mchana Furaha alirudi kula kwa mama ntilie bila mtu kumwambia. Wakati wa chai nilikuwa natazama simu, na ilikuwa ikiita, lakini ni wateja. Nilichotaka nilikipata, na kilikuwa kitamu nusu. Mkiniuliza kama mfanyie kazi nyumbani, sina jibu la kuwafaa. Ningesema tu, msingoje watu wa nyumbani kwenu wajue wenyewe kwamba mko kazini. Hawatajua. Na msiwatengenezee wateja uso mkawabakizia wenu mgongo. Kama mtaweza. Mimi sikuweza siku zote.

Nimalizie na ile siku ya Januari niliyomrudisha mama. Furaha alitaka ampeleke mwenyewe, nikakataa, nikampigia bosi kuomba ruhusa ya siku moja. Tangu nihamie nyumbani sikuwahi kuomba. Alishangaa.

"Ruhusa ya nini? Si unafanyia hukohuko?"

Nikamwambia ya kumsindikiza mama. Nikazima laptopu, nikazima na simu, nikaendesha. Njia nzima mama aliniuliza nani atapokea wageni leo, na kila nikimwambia yupo mtu alitulia, kisha baada ya kona chache akauliza tena.

Tulipofika Mwika, wanawake wawili wa jirani walikuwa wanapita na majani ya ng'ombe kichwani. Wakatua mizigo kuja kumsalimia na kumpa pole. Wakamtazama, wakanitazama mimi na begi lake mkononi, na mmoja akauliza kama mimi ndiye yule mkwe aliyeko nyumbani Arusha.

Mama alinishika mkono kwa ule mkono wake uliovunjika, ambao bado ulikuwa hauna nguvu.

"Huyu ni mke wa Furaha," aliwaambia. "Ana kazi nyingi sana. Leo ameomba ruhusa kazini kwake ili anilete mwenyewe."

"Aika, mae," wale wanawake waliniambia kwa Kichaga, yaani asante mama, kwa heshima. Nilibeba begi nikaingia ndani haraka, kwa sababu nilikuwa nalia.